Waya wa Daraja la Saba

Watu huniuliza njia ya kwenda Nyuzini, nami siwaambii. Si kwamba nimeisahau. Nimetengeneza redio na spika hapa Korogwe kwa miaka thelathini na moja, watu wananijua kwa ulimi mkali na kazi safi, na sina desturi ya kumficha mteja jambo. Hili nalificha. Nitaeleza niliyoyaona huko, na kosa nililolifanya, basi.

Kitu cha kwanza kinachokupokea Nyuzini ni harufu ya chungu kilichoungua. Mji mzima unanuka hivyo, asubuhi na mchana. Cha pili ni madirisha. Hakuna pazia hata moja. Unapita barabarani ukiona mpaka ndani ya kila sebule, na katika kila sebule kuna mtu ameketi peke yake, mikono magotini, ameelekea spika mbili. Kutoka kwenye mashine hadi kwenye spika umelazwa waya mnene kuliko kidole gumba changu, nao haugusi sakafu. Umeegeshwa juu ya vigoda vidogo vya mpingo vilivyochongwa kwa ustadi, kimoja kila baada ya hatua. Watoto wa nyumba wanakaa chini kwenye saruji.

Jambo la tatu nilichelewa kulitambua. Nilisimama sokoni nikauliza bei ya machungwa, na muuzaji hakugeuka. Nikauliza tena. Mwanamke wa meza ya pili akamgusa bega na kunionyesha kwa kidevu, ndipo yule bwana akaniomba radhi kwa upole sana. Alisema sauti za sokoni alishazitoa zamani, kwa ajili ya waya wa daraja la tatu. Nikatazama huku na huku. Soko lilikuwa limejaa watu na hakuna aliyekuwa akinadi kitu. Nilisikia viatu vyangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliogopa.

Nilikuwa nimeitwa kwa kazi. Sheria yao inataka waya wa daraja la saba ufungwe na fundi mgeni, kwa madai kwamba fundi wa hapo akiugusa atauonea wivu, na wivu utaingia kwenye shaba. Aliyeniita ni mjane mmoja, Bi Sikitu, na aliyekuja kunipokea sokoni ni binti yake, Semeni, msichana wa miaka kama kumi na tisa. Aliniamkia shikamoo kwa sauti kubwa. Niliitikia marahaba nikashangaa jinsi nilivyofurahi kuamkiwa.

Njiani alinieleza malipo yanavyokwenda, kwani nilikuwa nimedhani ni fedha. Nyuzini waya haununuliwi kwa fedha. Unatoa sauti. Ukiitoa huisikii tena maisha yako yote. Daraja la kwanza ni rahisi: wengi hutoa sauti ya maji yanayochemka, na ndiyo maana vyungu vinaungua. Mama yake, alisema, alianza na hiyo. Kisha akatoa mvua juu ya bati. Kisha majogoo na njiwa, kisha hodi ya majirani. Kwa daraja la tano alitoa jina lake mwenyewe, kwa la sita akatoa nyayo za watu.

"Na la saba?" nikauliza.

"La saba ni sauti ya mtu mnayekaa naye nyumba moja," Semeni alisema. "Kwetu tuko wawili tu, baba."

Bi Sikitu alinipokea vizuri. Alikuwa mama wa maungo madogo, nadhifu, mwenye tabia ya kutazama midomo ya mtu anapozungumza. Alinikaribisha chai iliyoungua na kunieleza shida yake bila kuzunguka. Alikuwa na mtoto wa kiume, Mbaruku, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Kimebaki kitu kimoja tu chake: kaseti aliyoichezea siku moja uani, akabonyeza kitufe cha kurekodi bila ruhusa. Sauti ya mtoto haizidi nusu dakika. Miaka kumi na minne Bi Sikitu amekuwa akiisikiliza, na kila daraja jipya la waya lilimsogeza mtoto karibu kidogo. Alisema kwa daraja la sita alimsikia akivuta pumzi kabla ya kuita. Kwa la saba, wanasema, utajua amesimama wapi.

Akanichezea. Nimesikia kaseti nyingi mbovu katika maisha yangu, na hii ilikuwa mbovu ya kawaida, yenye upepo na kelele za mkanda. Mtoto anaita, "Semeni! Semeni, njoo uone!" Halafu kwa mbali sana, kama kutoka nyuma ya nyumba, kisauti chembamba kinajibu, "Nakuja, kaka." Mtoto anacheka. Mkanda unakatika.

Bi Sikitu alikuwa ameinamia spika, macho amefumba, machozi yanamtoka. Mlangoni Semeni alikuwa amesimama na sahani mkononi. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, maana mama yake alikuwa hasikii lolote nje ya spika zile, "Na mimi nimo mle ndani. Nilikuwa na miaka mitano." Aliyasema hayo kama mtu anayetaja kitu kidogo alichokisahau mahali.

Kabla ya kufunga waya wa daraja la saba ilinibidi niandikishwe katika ofisi ya Mpimaji Mkuu, Bwana Mwinyikondo. Ni jengo refu lenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, na kwenye rafu kuna mitungi midogo ya udongo iliyozibwa kwa nta, maelfu kwa maelfu. Mtoaji huketi mbele ya meza, huweka sikio kwenye mdomo wa mtungi, huikumbuka ile sauti mara moja ya mwisho, na Mpimaji huziba. Nilitega sikio langu kwenye rafu moja. Ndani kulikuwa na mvua. Mtungi wa pili ulikuwa na mtoto mchanga anayelia, na aliyelia hivyo huenda sasa ana watoto wake.

Nilimuuliza Bwana Mwinyikondo kama mwenye sauti huulizwa inapotolewa. Alinijibu kwa adabu kwamba sheria ya Nyuzini iko wazi: sauti ni mali ya anayeisikia, wala si ya anayeitoa kinywani. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kupima hizo nyaya kwa kweli.

"Fundi," alisema, "nimekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini. Sijampata mtu mmoja aliyelipa akarudi kusema hakusikia tofauti."

"Lazima asikie tofauti," nilisema. "Mvua imetoka, majogoo wametoka, majirani wametoka. Amebaki na spika tu. Hata ungemfungia kamba ya katani angesikia vizuri zaidi."

Aliniangalia kwa utulivu. "Basi tunakubaliana kwamba anasikia vizuri zaidi," akasema, akaniandikisha.

Siku hiyohiyo nilipitishwa Baraza la Masikio, kwa kuwa mgeni hana budi kuhudhuria kikao kimoja. Walikuwa katika siku ya tatu ya mjadala kuhusu vigoda vya waya: viwe na miguu mitatu au minne. Upande wa miguu mitatu ulidai mguu wa nne hunyonya sauti nzito na kuishusha ardhini. Upande wa pili uliwaita wenzao wahuni. Katikati akasimama mjumbe mwingine na kukumbusha kwamba waya una kichwa na mkia, na ukiufunga kinyumenyume mwimbaji atasikika akiimba huku amekupa mgongo. Hilo walikubaliana wote. Hakuna aliyecheka, nami nikajizuia.

Mjumbe mmoja wa daraja la saba alialikwa kutoa ushuhuda. Alisema kaseti yake ni ya mvua ya masika iliyorekodiwa na baba yake. Zamani, kwa waya duni, ilikuwa na makelele mengi. Sasa imetakata kabisa. Kimya chake kimekuwa cheusi, kipana, unaweza kuingia ndani yake ukatembea. Wajumbe walitikisa vichwa kwa heshima. Nilimnong'oneza karani nikamuuliza yule bwana alilipa nini kwa daraja la pili. Akafungua kitabu akanionyesha: mvua. Hapo nilicheka, na nilitolewa nje. Nilicheka tu, sikulifikiria zaidi jambo lile. Laiti ningelifikiria.

Huko nje nilimuuliza bawabu kwa nini hawana pazia. Alishusha sauti. Zamani kulikuwa na muuza vitambaa aliyefunika nyaya kumi kwa shuka moja, akawaomba wajumbe waseme kwa kusikiliza tu upi ni wa daraja gani. Walikosa wote, wakakosa tena. Siku ya pili Baraza lilipitisha sheria kwamba hakuna mtu atakayesikiliza waya asiouona, na kitambaa chochote kinachoweza kuuficha ni silaha. Kanga inavaliwa mwilini tu. Kuitundika ni kosa. Nguo zinaanikwa juu ya majani. Na muuza vitambaa? Bawabu alisema walimtoza sauti zote kwa siku moja, akaishi miaka mingine kumi na miwili akiwa ameketi pale kwenye ngazi, na watoto wakimpa chakula kwa kumgusa mkono.

Jioni ile Semeni alinifuata nilipokuwa nikinawa. Hakulia. Alisema siku ya kuonja waya ni kesho, saa nne asubuhi. Kila anayetaka daraja la saba huazimwa waya, anausikiliza mara moja mbele ya Shahidi wa ofisi, na akiridhika anakwenda kulipa. Alisema hamlaumu mama yake, maana mama yake hajui kuishi na yule mtoto wala bila yeye. "Ila mimi niko hai, baba," alisema. "Naongea naye kila siku. Naomba umwambie wewe. Wewe ni fundi, atakuamini."

Nilimwambia alale asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na hakika kubwa na akili yangu. Maneno, niliwaza, mama huyu ameshayasikia, nitampa ushahidi. Katika mkoba wangu kulikuwa na waya mwembamba wa pasi mbovu niliyoibomoa kwa ajili ya vipuri. Asubuhi nitaufunga huo badala ya ule wao. Atasikiliza, atasifu, Shahidi atakwenda zake, kisha nitamwonyesha Bi Sikitu kilichomliza. Mbele ya Shahidi nisingeweza kusema, maana nami nina masikio na nilikuwa nimeshasikia habari za muuza vitambaa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, kwa sababu ya adabu zao. Nyuzini kutazama mgongo wa spika au wa mashine ni kama kumchungulia mtu bafuni. Shahidi na Bi Sikitu waligeuza nyuso nilipopiga magoti. Nililaza waya wa daraja la saba juu ya vigoda vyake, mzuri, umesukwa kwa hariri ya zambarau, na ncha zake nikaziegesha tu nyuma ya spika, hazikushika kitu. Waya wa pasi niliupitisha kwenye ufa kando ya ukuta, nikaufunga kwa kucha. Nikanyanyuka nikasema tayari.

Bi Sikitu alibonyeza. Mbaruku akaita. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Hakulia safari hii. Alinyoosha mkono mbele yake, kwenye hewa, kwenye usawa wa kichwa cha mtoto wa miaka tisa, akaushikilia pale mpaka mkanda ulipokatika.

"Amesimama hapa," alisema. "Fundi, amesimama hapa hapa."

Nikasubiri Shahidi aage. Hakuaga. Bi Sikitu alisimama, akafunga mtandio, akamwambia Shahidi twende, na kabla sijapata neno walikuwa wameshatoka mlangoni. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa furaha yake.

Sasa naandika sehemu ambayo ningependa kuiruka. Ningeweza kutoka nyuma yao mara ile. Badala yake nilipiga magoti nyuma ya spika, nikaung'oa waya wa pasi na kuufunga ule wa hariri, kwa kuogopa kwamba Shahidi mwingine angekuja akaukuta. Nilitumia dakika zile kuficha nilichokifanya. Skrubu ilianguka mara mbili. Nilipotoka barabarani walikuwa wameshafika mbali, kwenye kona ya soko. Nilikimbia nikiita, "Bi Sikitu! Bi Sikitu!" Hakugeuka. Jina lake alilitoa kwa daraja la tano, na nyayo zangu alizitoa kwa la sita. Barabara nzima ilikuwa na watu, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Katika madirisha pande zote mbili watu walikuwa wameketi, mikono magotini, na mimi nilipita katikati yao nikipiga kelele kama mwehu.

Nilipofika ofisini Bwana Mwinyikondo alikuwa akilainisha nta kwa kidole gumba. Nilimwambia aufungue mtungi. Alinieleza bila hasira kwamba mtungi ukifunguliwa sauti hutoka tu, hairudi ilikotoka. Nikitaka anaweza kuuvunja mbele yangu. Sikutaka. Nilitega sikio. Mle ndani msichana mkubwa alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeondoa vyombo mezani, "Mama, chai inaungua."

Bi Sikitu nilimwambia ukweli pale pale, nikiwa nimesimama mbele yake aione midomo yangu. Nilimwambia kilichompa sauti ile asubuhi ni waya wa pasi mbovu, na waya wa zambarau haukuwa umefungwa popote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka mkono kinywani, akautoa.

"Ungeniambia kabla, fundi," alisema. "Sasa unaniambia ili nifanye nini?"



Tulirudi nyumbani sote wawili. Semeni alikuwa mlangoni. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akajua. Hata hivyo alijaribu. "Mama," alisema, kisha akaita tena kwa nguvu, na Bi Sikitu akampa tabasamu la upole kama unalompa mgeni mwenye lugha usiyoijua, akampita, akaenda kuketi kwenye kiti chake. Shahidi alikuja nyuma yetu na kitabu chake, maana usikilizaji wa kwanza baada ya malipo lazima uandikwe.

Bi Sikitu alibonyeza kitufe. Kelele za mkanda, upepo wa uani, kisha mtoto. "Semeni! Semeni, njoo uone!" Mimi nilisikia na yaliyofuata, kile kisauti chembamba cha nyuma ya nyumba. Uso wa Bi Sikitu ulisubiri. Kisha Mbaruku akacheka, na mama yake akashtuka kwa kicheko kile.

Alirudisha mkanda. Alisikiliza tena, ameinama zaidi. Akarudisha mara ya tatu.

"Fundi," aliniambia, "kuna hitilafu. Mwanangu anaita na hakuna anayemjibu. Zamani kulikuwa na mtu anamjibu."

Ndipo nilipomkumbuka yule mjumbe na mvua yake iliyotakata. Shahidi hakuonekana kushangaa. Alisema malalamiko ya namna hiyo hutokea, ni dalili ya sikio lililokomaa, na ofisi ina daraja la nane kwa watu wa aina hiyo. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Bi Sikitu alimuuliza kwa heshima daraja la nane bei yake ni nini, naye akajibu kwamba hayo watayazungumza.

Nilifunga mkoba wangu. Sikuwa na jambo lingine la kufanya katika nyumba ile, na nilijua nimeshafanya zaidi ya nilivyoitiwa. Nilipofika barabarani niligeuka kutazama dirishani, kwani halikuwa na pazia la kunizuia. Bi Sikitu alikuwa amerudisha mkanda. Semeni alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa mama yake. Mtoto aliita. Ilipofika ile nafasi ya jibu, Semeni aliinama kwenye sikio la mama yake akasema, "Nakuja, kaka." Mkanda ulirudishwa, na akasema tena.

Bi Sikitu aliinuka, akanyoosha kigoda kimoja kilichokaa upande, akaketi, akabonyeza.